Kostiki ilimrukia Mama Ipyana jichoni tukiwa kazini Ipogolo, na nusu ya kosa ni langu

Wakuu, kamwene.

Humu jukwaani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini hili limenikaa kooni muda mrefu. Nitalieleza lilivyotokea, pamoja na kipande kinachoniaibisha mwenyewe. Majina nimebadilisha. Mahali ni palepale.

Mtanivumilia nikipandisha sauti katikati. Nimechoka kweli.

Mimi ni mtu wa Mbeya, nimekulia mtaa wa Soweto palepale mjini. Nilianza kazi ya stoo kwenye kiwanda kimoja kule, sehemu ambayo mafunzo ya usalama yalikuwa mengi mpaka tunasinzia. Baadaye nikapata kazi Iringa, kwenye karakana ya sabuni za mche pale Ipogolo, chini ya mlima, nyuma kidogo ya barabara kuu yanakopita malori ya Zambia na Kongo.

Karakana ndogo tu. Watu tisa.

Mwenye mali tunamwita Mzee Kasiani. Si mtu mbaya, nitangulize hilo. Mkiuguliwa anakuja, mkifiwa anakuja. Shida yake ni moja, ana imani kwamba kitu ambacho hakijatokea mwaka jana hakiwezi kutokea mwaka huu.

Chini yake yupo supavaiza, Festo. Festo alisoma kemia mpaka kidato cha sita na hajawahi kumruhusu mtu yeyote asahau.

Na mchanganyaji wetu mkuu ni Mama Ipyana, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Huyu mama anajua sabuni. Anakoroga, anainua mwiko, anautazama uji unavyodondoka, anakwambia bado kidogo. Na kweli inakuwa bado kidogo. Mimi aliniita mdogo wangu tangu siku ya kwanza, kwa sababu wote tulikuwa wageni wa kutoka Mbeya.

Kwa wasioijua kostiki soda: ni vipande vyeupe vyepesi, kama mshumaa uliokwanguliwa. Ukiichanganya na maji inachemka yenyewe bila moto. Ukiichanganya na mafuta unapata sabuni.

Sasa kumbuka na wewe ngozi yako ina mafuta. Kostiki haitofautishi mafuta ya alizeti na mkono wako.

Siku naingia stoo mara ya kwanza nilisimama mlangoni kama dakika nzima.

Viroba vya kostiki vilikuwa vimelazwa chini kwenye sementi, vimeegemea ukuta ambao masika unavuja. Kimoja kilikuwa wazi, kimefungwa kwa kipande cha kamba. Pembeni yake kuna madumu ya asidi ya betri, kwa sababu Mzee ana malori mawili na stoo ni hiyohiyo. Juu ya viroba kuna sufuria za aluminiamu. Na kwenye dirisha kuna chupa ya maji ya kunywa, ina kitu cheupe kama maziwa kwa chini, haina lebo.

Nikauliza hii chupa ni nini. Wakaanza kuulizana wao kwa wao.

Nilimwambia Festo kwamba hivi vitu haviwezi kukaa pamoja. Asidi na kostiki vikikutana ni vita. Aluminiamu na kostiki ndiyo usiseme, inatoa gesi inayoshika moto. Festo akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba wao wamezoea.

Wakuu, hilo neno nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu.

Nitasema ukweli, sikukaa kimya. Miezi ile ya kwanza nilipigana. Niliomba mbao kwa fundi seremala jirani, nikatengeneza vichanja, viroba vikanyanyuka kutoka chini. Asidi nikaihamishia kibanda cha nyuma. Kiroba kikishafunguliwa, nilimimina kostiki kwenye ndoo ya plastiki ngumu yenye mfuniko wa kukaza, nikaandika kwa maka nyeusi pande zote mbili. Ile chupa ya dirishani nikaiondoa mimi mwenyewe.

Sufuria za aluminiamu nilizipigia kelele hadi nikachoka. Siku moja Festo akaamua kunionyesha kwamba mimi ni mwoga. Akaweka maji kwenye sufuria, akatia kostiki. Ikaanza kuvuma kama nyuki, povu jeusi likapanda, sufuria ikatoboka. Jiko la mkaa lilikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Festo aliangalia lile tundu, akasema sufuria za siku hizi ni feki.

Nikaweka pia pipa la maji lenye koki karibu kabisa na meza ya kuchanganyia. Nikaandika juu yake: MAJI YA AJALI, USIGUSE. Maji ya bomba Ipogolo yana siku zake, yanakuja yanapotaka, kwa hiyo pipa lilikuwa lazima.

Wiki ya kwanza walinawia mikono. Wiki ya pili waliosha vikombe. Kila asubuhi nilikuwa najaza pipa kama mtu anayejaza pakacha.

Miwani ya kazi nilimsumbua Mzee mpaka akanunua. Mitatu, mizuri, ile ya kufunika jicho lote. Ikaja na glavu ndefu za mpira.

Glavu akatoa. Miwani akaifungia ofisini kwake. Nilipomuuliza akasema itatoka siku wakija watu wa ukaguzi, kwa sababu wafanyakazi wataikwaruza.

Mama Ipyana aliiomba mara mbili, mimi nikiwepo. Mara zote mbili aliambiwa asubiri.

Basi nikaweka sheria yangu. Mimi ndiye mwenye ufunguo wa stoo, nikatangaza mbele ya wote kwamba bila miwani kostiki haitoki. Kwa mwezi hivi sheria ilifanya kazi. Mzee alikuwa anafungua ofisi asubuhi huku ananuna, tunachukua miwani, jioni tunarudisha.

Sasa tufike siku yenyewe.

Ilikuwa kipindi cha baridi, ile baridi ya Iringa inayofanya mafuta yagande kwenye dumu. Kulikuwa na oda ya mteja wa Mafinga na gari la kuichukua lilikuwa lifike kesho yake. Mzee Kasiani alikuwa ameondoka alfajiri kwenda msibani. Ufunguo wa ofisi ulikuwa mfukoni mwake.

Festo akaja stoo akataka kostiki. Nikamwambia miwani imefungiwa, tusubiri. Akanieleza habari za mteja, habari za gari, na kwamba mimi si mwenye karakana. Nikapiga simu kwa Mzee, haikupatikana.

Hapa ndipo kipande changu cha aibu.

Nilitoa.

Na sikutoa kostiki nzuri. Kulikuwa na kiroba kimoja kilichopigwa na unyevu wa masika kabla sijatengeneza vichanja. Kostiki inakunywa unyevu hata wa hewani. Ikishakunywa inashikana na kuwa mabonge magumu kama mawe ya chumvi. Mimi kama mtu wa stoo nikasema cha zamani kitoke kwanza. Nilijua kina mabonge. Nilijua bonge likitumbukia kwenye maji linarusha. Nilijua miwani haipo.

Nilijua vyote hivyo, nikakabidhi na kurudi kwenye daftari langu.

Nisichojua ni kwamba Festo, kwa sababu ya baridi, alikuwa amechemsha maji. Aliona kostiki itachelewa kuyeyuka.

Wakuu, tafadhali sana. Kostiki inaingizwa kwenye maji ya baridi, kidogo kidogo, huku unakoroga. Kostiki ndiyo inaenda kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Na maji ya moto hayahusiki kabisa, yenyewe inapanda joto la kutosha kukubabua. Ukiongeza la kwako unatengeneza bomu kwenye ndoo.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Mama Ipyana alitia bonge la kwanza, likazama.

Nilisikia mlio kama mafuta ya moto yakipata maji. Halafu nikasikia sauti yake. Wala hakupiga kelele. Alitoa mguno mfupi, kama mtu aliyejikwaa.

Nilipofika alikuwa ameinama, viganja vyote viwili usoni. Ilikuwa imempata upande wa kushoto wa uso, shingo, na kifuani ambapo blauzi ilikuwa imelowa. Jicho la kushoto alikuwa amelikaza kwa nguvu zake zote.

Nikamvuta kwenye pipa. Nikafungua koki.

Halikutoka hata tone.

Alfajiri ile waliosha gari la Mzee ili aende msibani safi. Bomba lilikuwa limekata tangu jana yake. Wakachukua maji ya pipa, yote, na aliyeyachukua alikuwa anaweza kusoma vizuri kabisa.



Festo akaja anakimbia na ndimu mbili zilizokatwa. Anasema hii ni alkali, inauliwa na asidi, tumkamulie. Alikuwa anasema kwa uhakika wa mtu anayesahihisha mtihani. Wanawake wawili wakaanza kumuunga mkono, mwingine akasema maziwa, mwingine akasema bajaji ipo nje tumkimbize hospitali sasa hivi.

Nilimsukuma Festo kifuani. Sijawahi kumgusa mtu kazini kabla ya siku hiyo. Nikamwambia, "Ukimtia ndimu jichoni nitakutia na wewe."

Ndimu kwenye kostiki inaongeza joto. Na kila sekunde unayotafuta ndimu, au maziwa, au bajaji, kostiki inaendelea kula. Jicho halisubiri. Dawa ni maji, mengi, hapohapo. Hospitali baadaye.

Lakini maji yako wapi.

Ng'ambo ya barabara kuna sehemu ya kuoshea malori. Jamaa pale ana kisima chake na pampu. Nikamshika Mama Ipyana kiunoni, tukavuka barabara kuu mchana kweupe, yeye haoni, mimi nanyoosha mkono kusimamisha malori. Yalisimama.

Lori moja lilikuwa limeshapakwa sabuni. Nikamnyang'anya mwosha magari mpira wa maji. Nikamwambia apunguze nguvu ya pampu, akanielewa bila kuuliza.

Nikaanza kumwagia.

Blauzi ilibidi itoke, kwa sababu nguo iliyolowa kostiki inaendelea kuunguza kila inapogusa. Wanawake wenzetu walikuwa wamefika, wakazungusha vitenge vyao, wakamsetiri. Ndani ya vile vitenge tukabaki mimi na yeye na yule mwosha magari aliyenishikia mpira.

Kazi kubwa ilikuwa jicho. Mtu akiungua jicho analifumba, na akilifumba anafungia kostiki ndani. Nilimwambia alifumbue, hawezi. Ilibidi nilifumbue kwa vidole vyangu, nishikilie kope, maji yapite kutoka puani kwenda nje, yasiingie jicho la pili. Alinipiga ngumi za mbavu. Alinitukana Kinyakyusa, na mimi Kinyakyusa nakielewa.

Vidole vyangu vikaanza kuteleza kwenye ngozi yake, laini, kama mtu anayeoga. Kwa sekunde moja nikashangaa sabuni imetoka wapi.

Haikutoka popote. Ule utelezi ni ngozi inavyogeuka sabuni. Yake na yangu.

Dereva wa lile lori alikuwa ameanza kulalamika kwamba foleni ni yake na safari ni ndefu. Akachungulia juu ya kitenge. Kisha akavua saa yake, akaisimamisha kwenye ngazi ya lori mbele yangu, akasema, "Hesabu hapa, mimi nashika mpira."

Dakika ishirini. Dakika ya tano kila mtu alianza kuniambia inatosha. Dakika ya kumi Festo alisema nitamuua kwa baridi. Na kweli alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, maji ya kisima na upepo ule wa Ipogolo si mchezo. Sikuacha. Ilipofika ishirini na kidogo utelezi ulikuwa umeisha, ndipo tukamfunika na kumpandisha bajaji. Dumu la maji tulilipakia, nikaendelea kumwagia jicho njia nzima tukipanda mlima kwenda mjini. Bajaji ililowa mpaka usukani.

Hospitali daktari alikuwa dada mmoja kijana. Aliuliza ni kitu gani, nikampa karatasi niliyoichana kwenye kiroba, nilikuwa nimeichomeka mfukoni. Aliuliza tumetumia nini, nikasema maji tu. Akauliza muda gani, nikamwambia. Akaweka kikaratasi cha kupimia alkali kwenye ukingo wa jicho, akakiangalia, akaagiza lioshwe tena kwa dripu.

Baadaye sana akanifuata kwenye benchi. Akasema jicho lipo, ila kioo chake kimeunguzwa upande mmoja, itachukua muda kujua limebaki na uwezo gani. Akaangalia mikono yangu, akaniambia na wewe ingia ndani.

Mzee Kasiani alifika alasiri, bado na suti ya msiba. Na wakuu, naapa hiki kipande sijakiongezea chumvi. Alikuja na ile miwani mitatu. Iko kwenye nailoni yake. Akaiweka juu ya kitanda cha mgonjwa, nadhani aliogopa akija mtu wa ukaguzi aseme hatuna.

Mama Ipyana alikuwa amefungwa bandeji nusu ya uso. Aliipapasa ile nailoni mpaka akajua ni nini. Akasema taratibu, "Mzee, sasa unaniletea ya nini, na jicho nimeshalifunga?"

Mzee alikaa kwenye kiti. Hakuinuka mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipoisha.

Siku ya tatu nilienda peke yangu. Nilikuwa sijalala vizuri. Nikamwambia kwamba kile kiroba nilijua kina mabonge, na sheria ilikuwa yangu, na nimeivunja mimi. Nilitaka anitukane tena.

Akasema, "Na mimi nilipokea nikijua, mdogo wangu." Akaongeza, "Lakini mimi nilikuwa nategemea wewe ukatae."

Hilo ndilo limenikaa kooni.

Baada ya wiki kadhaa alirudi kazini. Jicho linaona, ila kwa pembeni kuna ukungu ambao daktari anasema huenda usiishe. Shingoni ana kovu, analifunika kwa skafu. Mzee alimlipia matibabu yote, hilo nimpe haki yake, na miwani sasa inaning'inia ukutani, kila mchanganyaji na ya kwake. Mzee mwenyewe siku hizi akipita kwenye meza anavaa. Pipa limefungwa kwa mnyororo na mbao za kuzuia ndoo isiingie chini ya koki. Mtu akitaka kunawa inabidi ainame kama anaomba toba.

Festo bado anasema ndimu ingesaidia. Nimeacha kubishana naye.

Somo langu si gumu. Kostiki ikae pakavu, juu, imefungwa, imeandikwa jina, mbali na asidi na aluminiamu, na isiwekwe kamwe kwenye chombo cha kula wala kunywa. Jicho lifunikwe kabla hujagusa mfuniko. Maji yawepo, na uyajaribu kila asubuhi kwa kufungua koki kwa mkono wako, siyo kwa kuamini. Ikikurukia, osha mpaka utelezi uishe na upitilize. Na kama wewe ndiye mwenye ufunguo, kataa. Oda ya Mafinga ilichelewa siku nne na mteja hata hakugomba.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Ila kilichonifanya niandike leo ni kingine.

Mwezi uliopita nilikwenda likizo nyumbani Mbeya, nikafikia kwa shangazi yangu Soweto, yeye ndiye aliyenilea. Nikakuta na yeye ameanza kutengeneza sabuni na kikundi chao cha kanisani. Nikafurahi. Nikaingia jikoni kutafuta chumvi ya mayai.

Kwenye rafu kuna kopo la chumvi, kopo la sukari, na katikati kopo la mafuta ya kupikia ambalo limekwisha, lina kitu cheupe.

Nikakitazama vizuri. Kostiki.

Nilimweleza yote. Jicho la Mama Ipyana, bajaji, utelezi, kila kitu. Wajukuu wanne wanaingia humo jikoni. Alinisikiliza vizuri sana, akasikitika, akasema masikini mama wa watu. Kesho yake nikaenda sokoni, nikamnunulia kopo kubwa la plastiki nene, lina mfuniko wa kukaza, nikaliandika kubwa, nikamwonyesha mahali pa kuliweka, stoo ya nje, juu. Nikaondoka na amani.

Juzi nimempigia kumsalimia. Nikauliza habari za lile kopo. Akasema linamsaidia sana, ameweka mchele wa Madibira, hauingiwi na mdudu hata mmoja. Maandishi ameyasugua yakatoka.

Nikauliza, na kostiki?

Akasema ipo palepale, "Kopo zuri vile, mwanangu, niweke sumu?"

Wakuu, Jumamosi napanda basi kwenda Mbeya. Mwenye neno ambalo shangazi wa miaka sitini na mbili anaweza kulisikia aniwekee hapa chini kabla ya Ijumaa jioni. Mwenye kuja kuniambia habari za ndimu, namwomba apite tu.